Mkaguzi wa Mikono

Kwenye maktaba moja ya umma pale Nachingwea, ambayo jina lake sitalitaja kwa sababu kibao chake kilianguka siku nyingi na hakuna aliyekiinua, kulikuwa na kaunta ya mninga, na nyuma ya kaunta alikuwepo Mzee Kipriani. Mgeni akiingia mara ya kwanza alidhani amekosea mlango, kaangukia kituo cha polisi. Mzee alikuwa na rejista tatu, mihuri minne, wino wa bluu, wino mwekundu, na uso wa mtu aliyekatizwa kazi nzito. Ukimsalimia aliitikia vizuri tu. Ukimwomba kitabu alivua miwani.

Vitabu havikukatazwa, jamani, tusimsingizie mzee wa watu. Viliazimwa kwa utaratibu. Ulete barua ya mwenyekiti wa mtaa, igongwe muhuri kwa mtendaji, uje na picha mbili zenye rangi ya bluu kwa nyuma, na mdhamini aliye mtumishi wa serikali, ambaye atafika mwenyewe, siku ya kazi, saa za kazi, kuthibitisha kwamba anakufahamu na hana wasiwasi nawe. Ukivikamilisha vyote hivyo, kazi ya kama mwezi na nusu kwa mtu mwenye bahati, Kipriani alivipanga mbele yake, akavisoma kimoja kimoja, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu akasema, "Haya, tuone mikono."

Hapo ndipo watu walipokwama. Nachingwea na Ruangwa ni nchi ya korosho. Asiyeokota anabangua, asiyebangua anapakia magunia. Ganda la korosho lina mafuta yanayounguza ngozi na kuiacha nyeusi, na yakigusa karatasi yanaacha doa la kahawia ambalo hata ufanyeje halitoki. Mwaka wake wa kwanza kaunta, kitabu cha jiografia kilirudi kutoka Mbwemkuru kikiwa na alama ya dole gumba juu ya ramani ya Afrika, imefunika Kongo yote na kipande cha Zambia. Kipriani hakula mchana siku ile. Kesho yake akaanza kukagua mikono, karibu na dirisha, mbele na nyuma, kucha na viganja. Mwenye doa aliambiwa arudi likitoka. Kwa hiyo maktaba ilikuwa wazi kwa kila mwananchi wa wilaya, isipokuwa wale wanaofanya kazi.

Matokeo yake yalikuwa ya kujivunia. Miaka kumi na tisa, hakuna kitabu kilichopotea, hakuna kilichochanika. Kipriani aliyasema haya ofisini, aliyasema kanisani, na harusi moja alipopewa kipaza sauti ili awaase maharusi, aliyasema na pale pia.

Alizaliwa Mkotokuyana, kwa wazazi waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji wakiwa na jembe na kuku wawili, wakalima mihogo na ufuta mpaka mtoto akamaliza la saba. Maktaba aliingia kama mlinzi. Alilinda mlango miaka minane, na mkutubi alipostaafu na mwingine asiletwe, walimhamishia ndani, akaendelea kulinda. Walimpeleka semina ya siku tatu. Siku ya kwanza walifundishwa kutunza vitabu. Siku ya pili walifundishwa kuazimisha vitabu, na siku hiyo Kipriani alishinda chooni kwa sababu ya wali wa semina. Siku ya tatu waligawiwa vyeti. Cheti chake kilining'inia juu ya kaunta ndani ya kioo, na kwa kukitazama tu huwezi kujua ni cha nusu.

Alivipenda vitabu vile, hilo nalisema bila dhihaka. Kila asubuhi alivipangusa kwa kipande cha shuka, rafu kwa rafu, akamwaga mafuta ya taa kwenye miguu ya rafu ili mchwa wasipande. Alijua kila kitabu kilipokaa, akiwa amefumba macho. Kuvisoma hakuvisoma sana, maana kusoma kunakunja mgongo wa kitabu.

Msaidizi wake alikuwa Faudhia, mama wa miaka thelathini na kitu aliyehamishwa kutoka Temeke na ambaye mpaka leo anaamini ni makosa ya karani. Faudhia alisimamia kitabu cha wageni na soketi ya umeme. Watu walikuja kuchaji simu, wakajiandikisha, wakakaa kwenye viti kusubiri chaji ijae, na kila mwisho wa mwezi Faudhia aliwahesabu akaandika kwenye ripoti: wasomaji mia sita na arobaini. Ofisi ya juu ilifurahi sana kusikia Nachingwea inasoma hivyo.

Mwezi wa sita akaja Ashura. Huyu alikuwa mbangua korosho kwenye banda la nyuma ya soko, mwanamke mrefu, mpole wa maneno. Shule aliishia kidato cha tatu. Sababu iliyomtoa shule sasa ilikuwa darasa la sita na inapenda mpira. Alikuwa amejiandikisha kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, na somo lililomtesa ni biolojia. Kitabu chake kilikuwepo maktaba, kimoja tu. Alikuja na barua, picha, na mdhamini, nesi wa zahanati aliyekuwa anatazama saa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mikono."

Ashura akaiweka juu ya kaunta. Vidole vilikuwa vyeusi mpaka kwenye viungo, ncha zimebanduka ngozi.

"Dada, si unajionea mwenyewe."

"Nimenawa, mzee. Nimenawa na sabuni ya unga, nikasugua na mchanga. Hii haitoki mpaka ngozi yenyewe itoke."

"Basi ngozi ikitoka, karibu. Barua yako naitunza, haiozi."

"Ikitoka inaota nyingine, nayo inaungua vilevile. Mimi nabangua kila siku, mzee. Mtihani ni mwezi wa kumi na moja."

"Utaratibu ni utaratibu, dada yangu."

Faudhia akainua uso kutoka kwenye simu. "Mzee Kipriani, si umpe tu? Dada wa watu ana mtihani, unazingua bwana."

"Hapa si Temeke," akasema Kipriani, jibu alilolitumia kwa mambo yote, hata mvua.

Lakini nesi alikuwa ameshaacha wagonjwa, na mzee hakuwa na roho mbaya, alikuwa na utaratibu tu. Akafikiri, akapata jawabu. Ashura angesomea humohumo ndani, mradi asikiguse kitabu. Kurasa angezifunua kwa rula. Kipriani alifurahia ubunifu wake huu kiasi kwamba alitaka kuiandikia ofisi ya juu ili maktaba nyingine ziige.

Ikawa hivyo. Kila siku saa saba, wenzake wa bandani wakipumzika, Ashura alikuja, akasaini, akaketi meza ya dirishani. Kipriani alikileta kitabu kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa kichanga, akakiweka, akakifungua palipotakiwa, akaweka rula ya mbao pembeni. Ashura alinakili. Alinakili maelezo, akachora moyo na vyumba vyake, akachora ua, akachora figo. Akitaka ukurasa unaofuata, aliingiza rula chini ya karatasi na kuigeuza taratibu, ulimi umebanwa kwenye meno. Ikifika saa nane kasoro alirudi kubangua. Mpaka mwezi wa tisa alikuwa amejaza kaunta buku tatu, yale madaftari ya jalada gumu, zote zina alama za vidole vyake toka jalada la mbele mpaka la nyuma. Kitabu kilibaki cheupe.

Siku moja Faudhia alimwambia mzee kwamba inamwuma kumwona mtu mzima akisoma kama anayemtoa nyoka kwenye kapu. Kipriani alijibu kwamba Ashura mwenyewe hajalalamika. Ni kweli, hakulalamika. Angelalamika angekosa na rula.

Mwishoni mwa mwezi wa tisa ikaingia barua. Maktaba mpya ilikuwa imejengwa Ruangwa, nzuri, ya vioo, na rafu zake zilikuwa tupu. Ofisi ya juu ingepita kukagua. Maktaba ambayo vitabu vyake haviazimwi ingevihamishia Ruangwa vyote. Mkaguzi, Bwana Fidelis, angefika Alhamisi. Watayarishe rejista ya kuazima ya mwaka mzima.

Kipriani aliisoma mara tatu, akakaa. Jasho likamtoka kwenye nyusi. Akafungua rejista ya kuazima. Mwaka mzima: vitabu sita. Vinne vilichukuliwa na Faudhia, kimoja na mwalimu mkuu, na cha sita na mchungaji mmoja aliyekirudisha jioni ileile kwa sababu, alisema, asingeweza kulala kwa amani kikiwa ndani ya nyumba.

"Wanavichukua," akasema mzee, na sauti yake haikuwa ile ya kaunta. "Faudhia, watavichukua vitabu vyangu."

Faudhia alimwonea huruma, jambo lililomshangaza yeye mwenyewe. "Mzee, leo Jumatatu. Tuna siku tatu. Nikisimama pale sokoni nusu saa tu nikatangaza kwamba vitabu vinatolewa bila masharti, hapa patajaa. Waazime kweli. Rejista ijae kweli."

Kipriani alimtazama kama kwamba kamwambia wamwage petroli wawashe kiberiti. Watu kutoka sokoni? Na samaki? Na ufuta? Hapana. Akavuta kitabu cha wageni upande wake, akafungua kisanduku cha mihuri, akaanza kazi.

Siku tatu aligonga. Alichukua majina ya wachaji simu na kuwagawia vitabu. Bluu siku ya kuazima, nyekundu siku ya kurudisha, kwenye karatasi ya tarehe iliyogundishwa nyuma ya kila kitabu, mistari imenyooka utadhani imepigwa na mashine. Hasani wa Mkotokuyana, aliyewahi kuchaji simu siku mbili mfululizo mwezi wa tatu, akajikuta ameazima historia ya Ulaya, kamusi, na kitabu cha ufugaji wa nyuki. Hakuna aliyechelewesha kurudisha hata siku moja. Mzee aliona raha, na raha yenyewe ilionekana usoni. Hatimaye alikuwa anaazimisha vitabu kwa namna anayoikubali, bila mtu kuvigusa. Kufika Jumatano jioni alikuwa amefikisha mia nne na kumi na mbili.

Faudhia, aliyekuwa anamsomea majina, alimweleza Ashura kila kitu siku ileile saa saba, kwa kunong'ona, maana Faudhia hana kifua cha kuweka jambo.

Alhamisi Bwana Fidelis akafika. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, ule upole unaomfanya mtumishi akumbuke makosa yake yote. Akapewa soda. Akapitia rejista ukurasa kwa ukurasa, akapandisha nyusi, akaenda kwenye rafu akatoa kitabu kimoja. Alipokifungua kilitoa mlio, gundi ya mgongo inaachia kwa mara ya kwanza toka kilipotoka kiwandani.

"Hiki kimeazimwa mara tisa," akasema.

"Mara tisa, mheshimiwa."

Akatoa kingine. Nacho kikalia. "Hiki mara kumi na moja."

"Hicho kinapendwa sana."

"Vitabu mia nne na kitu vimetoka na kurudi, mzee wangu, na sijaona ukurasa hata mmoja uliokunjwa kona."

Kipriani alisimama wima. Miaka kumi na tisa alikuwa akisubiri mtu kutoka mkoani aseme maneno haya. "Ahsante sana, mheshimiwa," akasema. "Watu wetu wana nidhamu ya vitabu."

Faudhia akainamisha kichwa mezani.

Ilikuwa saa saba na robo. Kwenye meza ya dirishani Ashura alikuwa katikati ya ukurasa, rula mkononi. Bwana Fidelis akamwona, akamwendea, akavuta kiti. Kipriani alifuata nyuma, roho mkononi.

"Habari ya masomo, dada. Wewe huazimi vitabu hapa?"

Ashura alimtazama mzee, akatazama kitabu. Zilibaki sura mbili, ya uzazi na ya urithi, na mtihani ulikuwa wiki tano mbele. Kitabu kikienda Ruangwa, nauli ya kukifuata hana na siku ya kuacha kubangua hana.

"Naazima sana tu," akasema. "Mzee huyu hana shida na mtu. Hiki nimekichukua mara tano, nalala nacho nyumbani."

"Vizuri. Jina lako nani?"

"Ashura."

Bwana Fidelis akakigeuza kitabu, akafungua jalada la nyuma. Kulikuwa na mihuri ya bluu na nyekundu, majina manane. Akayasoma yote kwa sauti, polepole. Ashura hakuwemo. Mzee Kipriani aligawa vitabu kwa madereva wa bodaboda, kwa wauza vocha, kwa marehemu mmoja, lakini mkono wake ulikataa kumwandikia kitabu mtu mwenye vidole vile, hata kwa uongo. Hata hakukumbuka kwamba alimruka. Sasa alikumbuka.

Mkaguzi akatazama mikono ya Ashura, akatazama kaunta buku yake iliyochafuka, kisha ukurasa mweupe uliokuwa chini ya rula.

"Umelala nacho mara tano," akasema.

"Ndiyo."

"Bila kukigusa."

Ashura akaishusha mikono chini ya meza. Uso ukamshuka. Kukamatwa hakukumwuma Kipriani kama jambo moja, kwamba mtu ambaye yeye alimkatalia kitabu miezi minne ndiye peke yake aliyekubali kusema uongo ili kibaki.

Bwana Fidelis hakugomba. Aliandika ukurasa mmoja, akafunga kalamu. "Mzee wangu, mimi sitaandika kwamba wewe ni mvivu. Kuwaazima watu vitabu kungekuwa kazi rahisi kuliko hii uliyoifanya." Akashukuru kwa soda. Gari la kuvichukua lingefika, si Jumatatu iliyofuata, bali ile ya pili yake.

Wiki iliyofuata Ashura alikuja kila siku kama kawaida, akanakili kwa haraka mpaka mwandiko ukapinda. Kipriani hakumpelekea rula. Alikiweka kitabu mezani, akakifungua palipotakiwa, akarudi kaunta. Ashura akaifuata rula mwenyewe. Ijumaa alikuwa amemaliza sura ya uzazi. Ya urithi hakuigusa.

Jumatatu Fuso ikafika saa mbili asubuhi. Vitabu viliingia kwenye maboksi kwa orodha, na mzee alivihesabu kimoja kimoja, akavilaza kwa upole, akawagombeza wapakiaji wawili kwa namna walivyobeba. Saa nne dereva akasema yuko tayari. Kipriani akapanda juu ya gari, akakata kamba ya boksi la sayansi, akatoka na kitabu cha biolojia.

"Mzee, orodha itapungua kimoja," akasema Faudhia.

"Andika nimekipoteza mimi."

"Wewe?"

"Andika jina langu lote."

Akatoka. Katika miaka yote ile hakuwahi kuiacha kaunta saa za kazi, na njia nzima watu walimsalimia kwa wasiwasi, wakidhani amefiwa. Nyuma ya soko, kwenye lile banda, wanawake kumi na wawili walikuwa wameketi juu ya ndoo zilizopinduliwa, mbele yao korosho zilizokaangwa, moshi unawasha macho. Ashura alimwona akainuka, akaficha mikono nyuma ya kanga.

"Hiki hapa," akasema Kipriani. "Kaa nacho mpaka ufanye mtihani."

"Weka hapo kwenye ndoo, mzee. Nitatafuta kijiti cha kufunulia."

Aliyasema kwa heshima kabisa, bila kejeli hata chembe, na mzee wa watu alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Shika," akasema.

"Nina mafuta."

"Shika, mama. Nakuomba."

Ashura akatoa mikono, akakipokea. Dole gumba likaacha alama kwenye jalada hapohapo, kubwa, ya kahawia. Kipriani aliiona na ilimchoma, tusidanganyane. Mtu habadiliki kwa asubuhi moja. Lakini hakunyoosha mkono kukichukua.

Wenzake Ashura walikuwa wameacha kubangua, wanatazama. Kumbe huyu ndiye mzee wa maktaba. Kumbe vitabu vinaletwa mpaka huku.

"Mzee," akasema mmoja, bibi mwenye sauti nene, "mimi mjukuu wangu yuko kidato cha pili. Cha hesabu hamna?"

"Kipo," akajibu Kipriani, na uso ukamng'aa, maana alikijua kilipokaa. "Rafu ya tatu, cha saba kutoka dirishani." Halafu akakumbuka.

"Na cha ushonaji?" akauliza mwingine. "Nilikuwa naogopa tu kuja, walisema wanakagua mikono."

"Cha ufugaji wa kuku, mzee. Cha Kiswahili tu, nitasoma mwenyewe."

Vyote vilikuwepo. Kimoja kimoja alijua mgongo wake na rangi yake. Wale wanawake waliendelea kutaja, kila mmoja chake, na ng'ambo ya soko honi ya Fuso ikalia mara mbili, dereva anaaga anashika njia ya Ruangwa.

"Vipo kwenye gari," akasema Kipriani.